Mwali Asikimbizwe

Baba yangu hakuwa mtu wa kununua gari. Viatu vyake alivishonesha mpaka fundi akamwonea huruma, na mbata zake, nazi kavu za shamba lake la Mlingotini, mwaka ule zilijaa ghalani bila mnunuzi. Kwa hiyo, asubuhi ile lilipoegeshwa mlangoni kwetu Bagamoyo gari jipya la rangi ya maziwa, viti vyake bado vimefunikwa karatasi za kiwandani, sikushangilia. Nilisimama dirishani nikajiuliza limetoka wapi. Majirani walijiuliza hayohayo, ila wao hawakuona haya kumwuliza mwenyewe. Baba aliwajibu neno moja: "Riziki." Lakini riziki gani hiyo inayokuja na dereva wake kutoka Tanga?

Hizo zilikuwa siku za Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza shule yetu ya wasichana, na mwalimu wangu alikwishanihakikishia nafasi katika chuo cha ualimu. Nilipomweleza baba, alisema, "Tutaona." Nilimjua vizuri. Akisema "tutaona" maana yake hapana, ila hajapata nguvu za kubishana. Siku chache baadaye, tukiwa tunakula, akatangaza kwamba tunakwenda Tanga kumwamkia shangazi. Shangazi huyo hatukuwa tumemwamkia kwa miaka, na sikukumbuka mtu aliyewahi kusikitika kwa hilo.

Nikamvizia mama akifunga mizigo. Alitia doti mpya za kanga, udi, na mkufu wake wa dhahabu ambao alikuwa hauvai isipokuwa harusini.

"Mama, mkufu wa nini?"

"Wa shingoni," alijibu, bila kunitazama.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Baba alikaa mbele na dereva, mtu wa makamo, mcheshi, asiyeweza kunyamaza. Mama nami tulikaa nyuma na mabuibui yetu. Nilikuwa nimesikia kwamba gari jipya hupaa, lakini letu lilikwenda mwendo wa kusindikiza maiti. Mtu wa baiskeli alitupita, akageuka kutucheka.

"Usione ajabu, Bwana," dereva akamwambia baba. "Mwali huyu hakimbizwi. Mwenyewe kaniusia: asikimbizwe, asichoshwe, mpaka azoee."

"Sawa, sawa," baba alisema upesi, akaishika kofia yake kama inayotaka kuanguka.

Masikio yakanisimama. Kwetu mwali ni msichana aliyevunja ungo akawekwa ndani, anayengoja kuozwa. Ndani ya gari lile palikuwa na mwali mmoja tu, na hakuwa mama.

Dereva hakukoma. Baada ya kitambo akasema, "Akifika Tanga watatoka wote kumtazama." Baba akakohoa. Halafu tena, "Mwali akiharibiwa mwanzoni, Bwana, hatengenei tena." Nilimgeukia mama. Alikuwa ameyakazia macho mashamba ya Makurunge utadhani kuna kitu chake kimepotea humo. Nilijawa na hasira. Niliwaza: wamenipakia garini kama gunia la mbata, na wanazungumza juu yangu mbele yangu!

Tulipofika mto Ruvu ilitubidi kushuka ili gari lipandishwe peke yake kwenye pantoni. Palikuwa na watu wengi wanaongoja kuvuka, wanawake wenye matenga ya kuku, wachukuzi, na wazee wawili waliovaa kanzu. Gari lilipanda. Baba akapanda. Mama akanishika mkono.

"Sipandi," nikasema.

"Una nini, mwanangu?"

"Siolewi!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nasema siolewi! Mwambieni huyo mwenyewe aliyeagiza nisikimbizwe, sendi kwake wala simjui!"

Watu wote waligeuka kunitazama. Kisha dereva akaangua kicheko, akacheka mpaka akaegemea boneti.

"Salaale! Bibi mdogo, mwali ni hili gari! Sisi madereva, gari lenye injini mpya twaliita mwali. Halikimbizwi maili za mwanzo, mpaka injini ikae sawa!"

Pantoni nzima ikacheka. Mwanamke mmoja mwenye tenga alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Kumbe ni gari! Nikacheka na mimi. Ndipo nilipowaona watu wawili ambao hawakucheka. Baba alikuwa akimtazama mama, na mama alikuwa akiyatazama maji.

Furaha ikanikauka palepale. Nilipanda pantoni kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Tulipofika kwa shangazi, Tanga, nyumba ilikuwa imejaa harufu ya pilau na wanawake nisiowajua, ambao walinikagua toka utosi hadi kisigino. Sikuhitaji kuelezwa tena. Yule mwenyewe aliyelituma gari alikuwa mfanyabiashara mkubwa, rika la baba, na gari lilikuwa zawadi yake kwa mkwe mtarajiwa. Dereva maskini hakuwa na habari. Yeye aliambiwa tu apeleke gari Bagamoyo akalete wageni. Basi jioni ile akaenda barazani kwa tajiri wake na kichekesho chake cha Ruvu, akakisimulia mbele ya watu, pamoja na kuigiza sauti yangu. Nilisikia baadaye kwamba wageni walicheka sana, mpaka walipoona mwenye nyumba hacheki.

Asubuhi dereva alirudi, kofia mkononi, ucheshi umemwisha.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba."

"Mwenyewe anasema... gari anaomba lirudi."

Baba alitikisa kichwa kukubali, na dereva akaliondoa polepole. Kisha baba akaingia chumba cha ndani alikokuwa mama. Nilikuwa nyuma ya pazia, na sioni haya kusema nilisikiliza.

"Mtoto hakatai ndoa kwa maneno ya dereva," baba alisema. "Yuko mtu aliyempasulia siri. Nani kamwambia?"

Mama alikuwa na jibu jepesi, tena la kweli. Angeweza kusema ni lile neno "mwali" tu, na pantoni nzima ingemshuhudia, na baba angerudi kwa tajiri kusema mtoto hakuelewa. Nilingoja aliseme.

"Mimi," alisema mama. "Nilimwambia mimi."

Tulirudi Bagamoyo kwa basi. Baba alikaa mbele peke yake na hakumsemesha mama njia nzima. Mama alikaa nyuma nami, amenishika mkono, yeye ambaye hakuwa ameniambia hata neno.