Mpira Usiodunda

Wanaume wa kwetu Tumbe huyasimulia mabao manne ya Idi ile kana kwamba kila mmoja wao aliyapiga kwa mguu wake. Namjua mmoja aliyekuwa amelala ndani na homa siku hiyo, shuka mpaka puani, naye siku hizi anaeleza jinsi alivyotoa pasi ya bao la pili. Mimi simlaumu. Furaha ile ilikuwa kubwa, inatosha kugawiwa hata wagonjwa.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita na sina pa kuendelea, kazi yangu ni kuota ndoto mchana. Ndoto kubwa ilikuwa kutangaza mpira kwenye redio, kama yule bwana tuliyemsikia kwenye redio ya betri ya dukani, na maikrofoni yangu ilikuwa kifuu cha nazi. Kuwa mimi ni mwanamke, na kwamba kwetu mwanamke kwenda kutazama mpira kwenyewe ni jambo la kutafutiwa sababu, hayo sikuyatia hesabuni.

Lakini nianze na kaka yangu, maana ndiye aliyekuwa na la kupoteza.

Kaka alikuwa kipa wetu. Miezi mitatu kabla ya Idi ile timu yetu ilikwenda kucheza mjini, ikafungwa matano. Manne hakuna aliyeyakumbuka. La tano lilimpita kaka katikati ya miguu, polepole, kama kuku anavyoingia jikoni. Watu wa mjini wakampa jina pale pale: Wavu Mbovu. Kwa mtu wa mjini hilo ni dhihaka tu ya mpira. Kwa mvuvi, mtoto wa mvuvi, ni kuambiwa kuwa huna kazi, huna akili, na watoto wako watakufa njaa.

Na jina halikubaki mjini. Wachuuzi wa samaki walikuja nalo kwa baiskeli. Kila asubuhi, kaka akiteremsha samaki wake dikoni, pale ngalawa zinapofikia, mmoja wao angepiga kengele ya baiskeli na kuuliza:

"Ee yakhe, Wavu Mbovu! Leo wamepita wangapi?"

Na wote wakacheka, hata watu wetu. Mwisho kaka akaacha kabisa kuja dikoni. Samaki wake akawa anawateremsha mwenzake wa ngalawa. Yeye akishuka alipita nyuma ya nyumba, kama mgeni.

Juma moja kabla ya Idi nikamkuta chumbani anapanga nguo katika sanduku la bati. Mjomba wetu aliyeko Tanga alikuwa amemtafutia kazi kwenye mashamba ya mkonge.

"Wanakuja kucheza kwetu Idi pili," aliniambia bila ya kuinua uso. "Wakitufunga tena, Idi ikisha naondoka. Siwezi kuitwa vile mpaka nizeeke."

"Na mama?"

"Mama utamwambia wewe. Wewe si mtangazaji?"

Alitaka nicheke. Nikatoka nje nikalia nyuma ya kisima. Mama alikuwa na watoto wawili tu, na mmoja wao alikuwa anafunga sanduku.

Sasa, kiwanja chetu. Wakati ule hatukuwa na kiwanja cha majani. Tulicheza pwani, mchangani, maji yakipwa. Goli moja lilikuwa juu, karibu na minazi, jengine chini, upande maji yanakotokea. Nguzo zilikuwa za mikoko, juu kamba ya makumbi, na nyuma tulitundika nyavu kuukuu za kuvulia. Kiwanja kikubwa, kisafi, kinafagiliwa na bahari mara mbili kwa siku. Aibu yake moja tu: hakikai.

Na ile ilikuwa Idi ndogo, ambayo, kama ajuavyo kila mtu wa pwani, huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Maji siku hizo hupwa mbali mpaka mawe yasiyoonekana mwezi mzima yakatokeza migongo, kisha hurudi na hamu ile ile. Mtoto wa Tumbe hujua hivyo kabla hajajua alifu na be. Kwa hiyo tulipanga mchezo uanze saa tatu asubuhi, uishe maji yangali mbali.

Saa tatu hawakuja. Saa nne hawakuja. Walikuwa wakisimama kila nyumba ya jamaa njiani kula pilau na kupokea mkono wa Idi. Ilipokaribia saa tano kasorobo ndipo lori lao likafika, wanaimba, fulana zao rangi moja, miguuni wana njumu za ngozi zenye kamba nyeupe. Wetu walikuwa miguu mitupu, na fulana zao tulizitia bluu ya kufulia jana yake ili zifanane.

Sisi wanawake tulikuwa tumekaa mchangani tangu asubuhi. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyetutoa majumbani. Alikuwa mwanamke mpana, hodari wa kuchoma pweza kwa kijiti huko mawemawe maji yakipwa, na alikwenda kuwaambia wazee kwamba anatupeleka kuokota chaza. Idi pili, kanga mpya, wanja machoni, tunakwenda kuokota chaza! Wazee wakatazamana, wakatuacha.

Mwalimu wa skuli, aliyekuwa refa, alirusha shilingi juu. Ikawaangukia wao. Kapteni wao, kijana mrefu wa ofisini mwenye kitana ndani ya soksi, akamuuliza kapteni wetu kwa adabu:

"Goli lipi zuri, bwana?"

"Yote mazuri, bwana. Chagua upendalo. Wewe ndiye mgeni."

Yule akatazama jua, akachagua la minazini, kipa wake akae kivulini. Kapteni wetu akasema ahsante. Shangazi akanifinya paja mpaka nikaruka.

"Kachagua kivuli," alininong'oneza. "Kachagua kivuli, mwanangu!"

Mimi sikuelewa. Nilikuwa namtazama kaka akiteremka kwenda goli la chini, peke yake, mabega yamemshuka.

Kipindi cha kwanza sipendi kukisimulia, lakini bila hicho cha pili hakina utamu. Walitufunga matatu. La kwanza lilikuwa zuri, nawapa haki yao. La pili lilimgonga beki wetu mgongoni likaingia. La tatu kaka aliligusa kwa vidole, na lingeweza kutoka, lakini halikutoka. Watu wao juu ya lori wakaanza kupiga bati kwa mikono:

"Wavu mbovu! Wavu mbovu! Samaki wanapita!"

Kaka akawa anakazakaza ile kamba ya makumbi juu ya goli, kamba ambayo haikuwa imelegea.

Mapumziko nilimpelekea dafu. Hakulinywa.

"Sanduku nimelifunga kamba," aliniambia. "Ukifika nyumbani litoe uvunguni."

Shangazi akaja nyuma yangu, kikapu kitupu cha chaza kichwani.

"Wee mtoto wa kaka yangu, wewe ni mvuvi au karani? Geuka utazame lile jiwe langu la pweza."

Kaka akageuka. Jiwe lile, ambalo wakati wa kuanza mchezo lilikuwa kavu mpaka miguuni, lilikuwa limebakisha kichwa. Nyuma yake bahari ilikuwa inakuja kimya kimya juu ya mchanga, bapa, kama mkeka unaokunjuliwa. Na goli la chini, baada ya mapumziko, ni lao.

Tangu yale matano ya mjini sikuwa nimeyaona meno ya kaka yangu. Nikayaona.

Bao letu la kwanza maji yalikuwa bado hayajafika pahala, unyevu tu. Beki wao alitaka kugeuka, njumu ikazama kwenye mchanga uliolainika, akakaa kitako. Fowadi wetu akapita kando yake akamwambia, "Starehe, bwana, starehe," akafunga.

La pili maji yalikuwa ya nyayo. Wao walikuwa wakipiga pasi ndefu za chini, pasi nzuri za mjini, na kila pasi ikifika nusu ya njia inasimama na kungoja, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Wetu hawakupiga chini. Walinyanyua. Watu waliozaliwa wakisukuma ngalawa hawahitaji kufunzwa kukimbia majini. Magoti juu, kidole cha mguu mbele. Wale wenzao njumu zilikunywa maji, zikawa nzito kama mawe ya nanga.

Kapteni wa mjini akamkimbilia refa.

"Mwalimu, simamisha! Huu si mpira, huu ni uvuvi!"

Kabla mwalimu hajajibu, shangazi alikuwa amesimama, kanga imemteremka mabegani.

"Nyie! Mlipokuwa mkitufunga hamkuuliza maji yako wapi! Saa tatu tumewaambia, mkakaa mnakula pilau!"

Hata watu wa lori wakacheka. Mwalimu akasema maafikiano ni maafikiano: walipochelewa ilikubaliwa mchezo uende mpaka adhana ya adhuhuri, na goli walichagua wenyewe. Kapteni wao akainama akavua njumu, akazitupa mchangani. Hapo nilimpenda kidogo, nakiri.

La tatu lilipigwa kwa kichwa na beki wetu mfupi kuliko wote. Tatu kwa tatu. Vigelegele vyetu nadhani vilifika kijiji cha pili, Shumba.

Ikabaki adhana. Muadhini alikuwa miongoni mwetu, naye ni mtu mwaminifu wa saa yake. Akatazama saa, akainuka, akaanza kwenda msikitini. Lakini alikwenda kinyumenyume, uso kiwanjani, anapapasa njia kwa visigino. Adhana haikuchelewa hata dakika moja, Mungu shahidi, ila sijapata kumuona mtu akipanda ngazi za msikiti kwa mgongo.

Ndipo mpira ukamfikia kaka mikononi. Pale juu kwake palikuwa pakavu bado. Akarudi hatua mbili, akapiga.

Ulikuwa mpira mrefu kuliko wote niliowahi kuuona. Ukapanda, ukatuvuka sote, ukaanza kushuka mbele ya goli la chini ambako maji yalikuwa ya vifundo vya miguu na zaidi. Kipa wao alikuwa hodari, kipa aliyefunzwa. Akatoka taratibu, akafungua mikono usawa wa kifua, akangoja mpira udunde ili audake.

Akangoja.

Mpira ukaanguka, chubwi! Haukudunda. Ukakaa pale ukielea mbele yake kama dafu lililodondoka mtoni, naye bado mikono iko kifuani, anautazama kama aliyeahidiwa kitu. Fowadi wetu alifika, akauchota pamoja na maji yake. Maji yakamwingia yule kipa machoni, mpira ukaingia wavuni ukanasa.

"Allahu akbar, Allahu akbar," muadhini akaanza.

Mwalimu akapiga filimbi. Watu waliingia majini na nguo zao za Idi. Kaka alichovywa majini akabebwa juu juu, na fulana yake, kama za wenzake wote, ilikuwa imerudi nyeupe. Bluu yote tuliiachia bahari. Waliokuwa wakimcheka dikoni ndio waliokuwa wakimbeba, wakiimba "Wavu mzima! Wavu mzima!" Nami nilitangaza kwa sauti yangu yote, bila ya kifuu, na hakuna aliyenisikia, na sikujali.

Baada ya sala wageni walikula kwetu. Kipa wao alikaa karibu na kaka, macho yamemwiva kwa chumvi.

"Yakhe," alimwambia, "siku moja njoo unifunze mpira usiodunda."

Na Idi ilipokwisha kaka alishuka dikoni na samaki wake, njia ya mbele. Wachuuzi walikuwa wamesimama na baiskeli zao. Yule wa kengele alikuna shingo, akatazama tairi, mwisho akasema:

"Shikamoo, kipa."

Mpaka leo, miaka minne imepita tangu hapo, nikikumbuka neno lile kifua hunijaa.

Lakini lipo jambo moja ambalo wanaume wa Tumbe hawalijui, au wameambiwa wakakataa kulijua. Siku ile ile ya mchezo, baada ya laasiri, nilikwenda chumbani kwa kaka. Sanduku lilikuwa katikati ya chumba, kamba imefunguliwa, naye anatoa kanzu zake moja moja na kuzitundika.

"Kaka, ulijuaje kuwa yule kipa atangoja udunde?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku.

"Nikwambie kweli? Nilikuwa nampa beki wa kushoto, pale karibu. Mguu uliteleza."

Nilimfichia siri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuificha: mwaka jana alimwambia kapteni mbele za watu, na kapteni akamshika bega akasema, "Yakhe, usijishushe." Basi likabaki hivyo: kaka alikusudia. Ndiyo maana nimeona niliandike hapa, naye ameniruhusu, maana anajua hawatoamini.

Sanduku mama aliliomba. Hakuwahi kuambiwa lilikuwa linakwenda wapi. Kuku wake ameshaatamia humo mara tatu, na kaka kila akirudi pwani hulipitia akachungulia mayai.