Gitaa Linalomwitikia Mama Nyuzi

Mvua imekatika sasa hivi, na maji bado yanadondoka kwenye kizingiti cha karakana. Ndani, Mama Nyuzi amepakata gitaa kifudifudi. Amelaza sikio mgongoni mwa ule ubao na anagonga taratibu kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Anagonga, anasikiliza, anahama kidogo. Akifika mahali palipoachia gundi, anapatia alama ya chaki.

"Hapa pana mtu," husema. Ni utani wake wa miaka yote, ila wateja wageni huangaliana kwanza kabla ya kucheka.

Jina lenyewe limemletea vituko. Si mara moja watu wameingia na suruali mkononi wakitaka zikunjwe upindo. "Namwambia baba wee, nyuzi ninazo, lakini nikikushonea hizi utakuwa unalia kila ukipiga hatua."

Kazi hii aliirithi kwa marehemu mumewe, seremala aliyeanza na viti akaishia kwenye magitaa. Mzee alipofariki, majirani walidhani mlango utafungwa. Haukufungwa. Mama Nyuzi akaendelea kubandua, kugandisha na kupiga msasa, na kujibu maswali ya wanaoanza kujifunza, ambayo anasema ni yale yale kama maswali ya waja wazito.

"Wanauliza mbona vidole vinauma. Vinauma kwa kuwa ni vidole. Piga kidogo kila siku, usijitie ushujaa wa siku moja. Vikiota sugu utasahau. Wanauliza wafunge nyuzi za chuma au za plastiki. Za plastiki kwanza, za chuma zitakufanya ulichukie gitaa bure. Wengine wanasema uzi unakoroma. Basi sogeza kidole karibu na kile chuma cha shingoni, ndipo uje unilaumu mimi."

Anayasema hayo huku akipiga msasa, na akimaliza kusema hurudia mazoea yake ya kuimba mdomo ukiwa umefumbwa. Si wimbo. Ni sauti moja nzito, mvumo mrefu, na mwenyewe hajui kama anaufanya.

Mvumo huo ndio uliomtia hofu mwezi uliopita.

Siku hiyo alikuja mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Sista, muuguzi mstaafu aliyejiunga na wastaafu wenzake kujifunza gitaa. Chombo chake alikuwa amekifunga kwenye shuka.

"Mwalimu katuambia tujifunze kodi tatu za gitaa," Sista akaanza hata kabla ya kukaa. "Nikamwambia, mwanangu, mimi kodi ninayoijua ni ya nyumba, na hiyo moja tu inanitoa jasho."

"Hizo tatu utaziweza. Shida nini?"

"Nikipiga peke yangu, safi. Nikikaa na wenzangu, wao wako huko na mimi niko huku. Wananitazama kama nimekanyaga kitu."

Ni swali la kawaida kuliko yote. Gitaa limeshuka sauti, unakaza vigingi vya nyuzi, limekwisha. Mama Nyuzi akalitundika ukutani pamoja na mengine, akamwambia Sista arudi kesho yake, akarudi kwenye msasa wake na kuanza kuvuma.

Ukutani kitu kikavuma naye.

Akanyamaza. Kile kitu kikaendelea kidogo, kisha kikafifia. Akavuma tena, nacho kikaingia tena, sauti ile ile. Magitaa mengine yote yalikuwa kimya.

"Si uchawi," anasema. "Nyuzi huitikiana. Ukiutoa mlio wa uzi fulani, uzi huo huamka wenyewe. Ila magitaa ya watu yanatyuniwa kwa kipimo kimoja, na sauti yangu haimo kwenye kipimo hicho. Tangu nianze ufundi lilikuwa limenijibu moja tu."

Hilo moja lilikuwa la kitinda mimba wake. Kijana alizilegeza nyuzi zake mpaka zikakutana na mvumo wa mama yake, apate kumsindikiza akiwa kazini. Kisha siku moja, sasa ni zaidi ya miaka kumi, akalitia gitaa begani akaaga kuwa anakwenda kununua nyuzi.

"Nyumba imejaa nyuzi mpaka mimi mwenyewe naitwa Nyuzi," anasema Mama Nyuzi. "Mtu ananiaga anakwenda kununua nyuzi, na mimi namjibu usichelewe."

Hakurudi. Hapakuja salamu wala habari ya msiba.

Basi akalishusha gitaa la Sista, akapenyeza vidole tumboni mwake, akakigusa kiraka cha mbao alichokigandisha kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa lile lile. Ila nyuzi zilikuwa mpya, zinang'aa, na ncha zake hazikukatwa. Zilikuwa zimeviringwa kama hereni. Mwanawe alichomwa na ncha ya uzi karibu na jicho utotoni, na tangu hapo hakuacha ncha ikichomoza.

Kesho yake wanawake wawili hao walikwenda kwa muuza vitu vya mitumba aliyemuuzia Sista.

"Kuna mtu aliniletea," muuzaji akasema. "Akaniambia atakayelichukua asiguse vigingi. Dada huyu nilisahau kumwambia."

"Anafananaje?"

"Alivaa kofia."

"Uso, baba. Nakuuliza uso."

"Mama, mimi naangalia bidhaa."

Waliporudi karakana, Sista alikaa kwenye benchi bila utani. "Dada yangu, lichukue. Mimi nitajifunza kushona."

"Hapana. Angetaka nilifungie kabatini angeniletea mimi. Limetolewa lipigwe, nawe ulipige."

"Na wenzangu?"

Hapo ndipo penye kazi. Likikazwa lilingane na mengine, Mama Nyuzi hatalisikia tena likimjibu. Lisipokazwa, Sista hataweza kupiga na watu. Akafungua droo, akatoa kibano chenye mpira, kile ambacho wanaoanza humuuliza kila siku kina faida gani. Kinabana nyuzi zote shingoni kwa pamoja, na mlio unapanda bila kigingi kuguswa; kila kikisogezwa nafasi moja mbele, unapanda zaidi. Zamani mwanawe alipotaka kupiga na wenzake, walikibana kwenye nafasi ya kwanza, likalingana.

Akakibana nafasi ya kwanza. Halikulingana, bado lilikuwa chini. Akakisogeza nafasi ya pili. Likalingana na yote yaliyo ukutani.

Mama Nyuzi akabaki amelishika.

"Nini tena?" Sista akauliza.

"Enzi zake ilikuwa nafasi ya kwanza. Sasa limeshushwa zaidi."

"Labda nyuzi zimelegea zenyewe."

"Zingelegea kila moja kivyake. Hizi zimeshuka zote sawasawa." Akagusa kifua. "Sauti yangu ndiyo iliyoshuka, Sista. Nilipougua kifua mwaka juzi ilishuka, haikurudi. Alipoondoka sikuwa na sauti hii."

Gitaa lilikuwa limetyuniwa kwa sauti aliyonayo sasa.

Sista ndiye aliyegeuka kwanza kutazama dirisha la nyuma, lile linalotazamana na kichochoro, ambalo ubao wake una ufa.

Tangu siku hiyo dirisha liko wazi, vumbi liingie litakavyo. Meza ya kazi imesogezwa chini yake. Sista anapiga na wastaafu wenzake, kibano kikiwa nafasi ya pili, na kodi tatu amezimudu, ingawa ya nyumba anasema bado inamshinda. Kila Jumamosi hulileta gitaa, hukitoa kibano na kulitundika ukutani, wakanywa chai. Mama Nyuzi huvuma, nalo huvuma. Kisha wanawake wote wawili husikiliza upande wa kichochoro.

Nyuzi hizo zitachakaa, fundi anajua. Miezi michache tu zitafubaa, gitaa litahitaji nyingine. Kwenye rafu zake kuna nyuzi za kila aina, isipokuwa za gitaa hilo. Alikuwa nazo, akaziuza zote, na hana mpango wa kuagiza.

"Hizo siweki," anasema, na kulaza tena sikio kwenye ubao. "Yupo aliyekwenda kuzinunua."