Pigo la Matoazi Katikati ya Kimya

Kama kuna mtu alikuwa kwenye ule ukumbi wa Amalemba Jumapili ile na bado ananicheka, acheke tu, hata mimi nikikumbuka nilivyosimama pale natamani kuingia chini ya kitanda.

Nilikuwa mpanga viti wa bendi. (Kabla ya hapo nilikata miwa Butali, nikatembeza wageni msituni Isecheno, shule niliiacha mapema, ila kuuliza maswali sikuacha.) Mpiga matoazi akaugua, na Mwalimu Shivachi, kiongozi wetu, akauliza nani atashika nafasi yake. Nikainua mkono. Shimo nililichimba hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa pigo moja, mwisho kabisa. Mwalimu alikuwa ametunga muziki wa kumkumbuka mama yake, na baba yake, mzee aliyezoea kuiita bendi "kelele za mabati," alikuwa amekubali kuja kwa mara ya kwanza.

"Leo lazima mzee amsikie mama," Mwalimu alituambia. "Klarineti ni mama akiita kuku jioni. Tromboni ni ugonjwa. Halafu tunanyamaza. Pale amekufa. Mtu asikohoe."

Nilielewa, naapa. Lakini klarineti ilipoanza nikamwona marehemu nyanya yangu mwenyewe na bakuli la mahindi mkononi, nikasahau niko wapi, tromboni zikaingia polepole, halafu kimya. Sasa kwetu, ngoma ya isukuti ikinyamaza ghafla matangani, aliye karibu huidaka na kuendeleza mdundo, wafiwa wasiachwe peke yao na huzuni, na mikono yangu ikafanya ilivyozoea.

Gwaaa.

Kofia ya mzee, kiti cha mbele, ikaanguka. Nikakumbatia matoazi kifuani yanyamaze, moja likaniponyoka, likabingirika jukwaani na kuzungukazunguka mpaka likalala miguuni pa Mwalimu. Ukumbi ukacheka, mama mmoja nyuma akapiga vigelegele, na Mwalimu akafumba macho, fimbo yake ikiwa bado hewani. Hatukumaliza.

Watu walipokuwa wakitoka alishuka kwa baba yake, nami nyuma yake kama mbuzi aliyekula mboga za jirani.

"Baba, utusamehe. Huyu ametuharibia."

Mzee alikuwa akipangusa kofia, hana haraka.

"Hizo zingine sijui," akasema. "Lakini ile ya kuanguka kama sufuria, huyo ni mama yako kabisa. Alikuwa anaangushanga vitu, huyo mwanamke. Jikoni, kanisani, popote."

Kisha akajifuta macho kwa kofia ile ile.

Mwalimu akaketi kando yake. Baadaye sana ndipo aliponigeukia.

"Wewe," akasema, "kesho urudi kwa viti."

Nimerudi. Na nimeapa: kimya cha mwenzangu sikidaki tena bila kuitwa. Siku hizi muziki ukitulia, mikono yangu naikalia.