Vimeng'enya Nilivyovikaza Mimi

Jamani, mambo mengine mtu hutamani yamfie tumboni, lakini hili mtaa wetu mzima wa Ngamiani umeshalisikia, tena limetiwa chumvi, basi bora mlipate kwangu mwenye aibu yangu.

Mimi nashona kofia za mkono. Nakaa barazani kwa dada yangu Mwanahamisi toka asubuhi, nikitoka sana nimefika msikitini (dada husema nimeota mizizi). Sasa binti yake, Zaituni, anasoma chuo cha afya hapahapa Tanga, na chuoni kwao kulikuwa na maonyesho; atakayeshinda anakwenda Dodoma kuwakilisha chuo, na mtoto alikuwa hali, halali kwa ajili hiyo. Alitengeneza chembe nyekundu ya damu kwa kitambaa na sufi, kubwa kama ungo, kaikata upande mmoja uone ndani. Ukutani kwa ndani imening'inia mikia ya kitambaa, ndiyo protini za ukuta wenyewe, na kwenye mikia kabandika vifuko vya njano kwa velkro, ile ya viatu vya watoto. Hivyo ndivyo vimeng'enya, vinavyovunja sukari ili chembe ipate nguvu.

"Mjomba, nisaidie huu mshono wa pembeni tu," akaniambia. "Vingine usiguse."

Nikaushona. Halafu nikagusa. Kifuko kikabanduka, nami nikaona haya: kazi iliyopita mkononi mwangu idondoke mbele za watu? Fundi wa kofia hapimwi kwa maua, hupimwa kwa uzi usioachia. Basi nikavikaza vyote, uzi maradufu, fundo kwa nyuma, nikajisifu peke yangu maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Siku ya siku nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikakaa mstari wa mbele kabisa, mimi na dada. Zaituni akaeleza vizuri mno: vimeng'enya vikiwa vimeng'ang'ania mkia vinapumzika; himoglobini, yaani mbeba oksijeni, ikishatua oksijeni yake inakuja kukaa palepale mkiani, vimeng'enya vinasukumwa, vinaachia, vinaingia kazini.

"Tazameni," akasema, akasogeza mpira mwekundu, ndio himoglobini yake, akavuta kifuko.

Hakikutoka. Akavuta kingine. Wapi!

"Vimegoma?" akauliza jaji, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, na ukumbi ukacheka.

Zaituni akanigeukia. Jicho lile lilinifika.

Hapo ningekaa kimya ingekuwa nafuu. Mimi nikainuka, nikapanda jukwaani, na kwa kuwa sikuwa na mkasi nikauma uzi kwa meno kama nifanyavyo nyumbani, nikavuta, na ukuta mzima ukanifuata, sufi ikatapakaa, nyingine ndevuni, nyingine mdomoni, nami nimesimama na nusu ya chembe inaning'inia menoni kama paka aliyeiba samaki.

"Baba," jaji akaniuliza kwa adabu, "wewe ni nani humu ndani ya chembe?"

"Ni mjomba wangu," Zaituni akadakia, "ila kwa leo mhesabuni kuwa ugonjwa."

Nikadhani ameshakata tamaa. Kumbe! Akafuta uso kwa mtandio, akavuta kiti. "Mjomba, kaa. Wewe kimeng'enya, kiti ndio mkia. Mama, njoo. Wewe himoglobini, oksijeni umeshaitua, unataka pa kukaa."

Dada yangu ana mwili, alhamdulillahi. Akaja taratibu, akanipiga nyonga moja tu. "Ondoka hapo ukafanye kazi!" (maneno hayo nadhani aliyaweka miaka.) Nikaenda chini mimi na kanzu yangu, miguu juu, na ukumbi mzima ukaiona bukta ya buluu.

"Hapo sasa nimeelewa," jaji akasema, akifuta machozi ya kicheko.

Zaituni akachaguliwa. Njiani kurudi akanishika mkono, akasema, "Mjomba, Dodoma nitakwenda na Mama. Wewe baki."

"Na kimeng'enya atakuwa nani?"

"Tutapata kinachosikia kikiambiwa usiguse."

Basi nimeapa: mtu akiniletea mshono mmoja, nitashona mmoja huohuo, hata nione kingine kinadondoka mbele ya macho yangu. Kofia naendelea nazo. Ya ndani ya damu nimewaachia wenyewe. Damu yangu imefanya kazi miaka yote hii bila mimi kuigusa, na sasa najua kwa nini imesalimika.