Mchoro Ndani ya Koti

Naftaly Ndung'u, fundi wa redio wa Nakuru, alikuwa mwoga, wala hakuona haya kukiri. Mwaka ule wa 1954, wakati wa Emejensi, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni, Mkikuyu aliyesema haogopi alikuwa mwongo.

Alikuwa na karatasi aliyoishona mwenyewe ndani ya bitana ya koti. Ilikuwa mchoro wa nyaya za plagi ya redio kuukuu za betri: miduara minne, mistari, herufi A na B. A ni betri ndogo, B ni ile kali. Ukizibadilisha, valvu zote, zile taa za ndani ya redio, zinaungua kwa mpigo. Vitabu vya redio hizo vilikwisha adimika. Alizunguka mashambani miaka miwili akidanganywa na michoro ya uongo, hadi alipojichorea mwenyewe uliokuwa sahihi, kutoka redio moja ya Elburgon. Akauficha kwa kuuthamini. Akili ni nywele, na siku hiyo Naftaly alikuwa na upara.

Asubuhi ya msako, karakanani kwake, askari Kiprugut alipapasa koti, akasikia karatasi ikichakarika. Akachana bitana.

Inspekta mzungu aliigeuzageuza. "Hii miduara nini? Kambi ya msitu?"

"Ni nyaya, bwana. Za redio ile pale mezani, ya Bwana wa shamba la Ndabibi. Natengeneza adapta ikubali betri mpya."

"Haya, tengeneza. Redio nakwimba, wewe nasema kweli. Redio nanyamaza, wewe nakwenda kizuizini."

Naftaly akashika plagi, na hapo moyo ukamlipuka. Hakukumbuka kama aliichora akiitazama kutoka juu au kutoka chini! Ukikosea upande, kulia huwa kushoto, A huwa B. Jasho likamtiririka. Akilini akamwona mkewe Wariara akisubiri chakula cha msaada, watoto wamemshika sketi.

Ndipo akakumbuka vumbi la mbao. Kule Elburgon, kabati la redio lilikuwa zito, hakuweza kulisogeza. Alijiingiza chini yake chali, vumbi likimwangukia machoni.

"Bwana, naomba nilale chini."

Kiprugut akakoki bunduki. Naftaly akalala chali kando ya buti zao, akainua plagi juu ya uso na mchoro pembeni. Pini zikalingana. Akafunga nyaya, akainuka, akawasha.

Kimya. Kisha mkwaruzo, kisha gitaa na sauti ya mtu akiimba.

Naftaly alicheka kwa furaha. Hata Kiprugut alitabasamu.

"Wewe fundi mzuri sana," inspekta akasema. "Naweza tengeneza redio yoyote?"

"Yoyote, bwana!"

"Hata ya kupeleka maneno msituni?"

Naftaly alitaka kusema hapana, hajui, hawezi. Lakini redio ilikuwa ikiimba pale mezani, na kila mtu aliisikia. Inspekta akaukunja mchoro, akautia mfukoni. Kiprugut, bila kumtazama usoni, akamwonyesha lori la kwenda kizuizini.