Filimbi ya Bendera

Katika mji wa Likasi, ugenini, hakuna aliyenipa kazi. Kiwandani Shituru waliziangalia karatasi zangu za Tanzania, wakanirudishia kwa adabu. Nikasema haya, basi nitapika vitumbua. Mama yangu alikuwa na mchele kwetu Kyela, mimi nilikuwa na kikaango na njaa. Miaka minne baadaye wanawake wawili wa Likasi walikuwa wakipika nami, na kule nyumbani mama alikuwa akinunua mchele wa majirani ili magunia yangu yajae.

Na kila siku niliogopa. Mgeni anayefanya biashara huonekana na kila mtu, na kibali changu cha kuishi kilikuwa kimekwisha muda tangu wiki tatu nyuma.

Asubuhi moja nilikuwa na beseni kichwani, nawahi wafanyakazi wa zamu. Filimbi ikalia kwenye kituo cha polisi. Likasi, bendera inapopandishwa, wote walio karibu husimama kimya mpaka filimbi ya pili: mwenye baiskeli, mama wa mboga, hata mlevi. Nilijua vizuri. Lakini kichwa kilikuwa kwenye kibali, nikaendelea kutembea, peke yangu barabara nzima. Jamani, miguu yangu mwenyewe ndiyo iliyonichongea.

Polisi akanishika mkono, akanionyesha bendera. “Weye mama, hauone drapo? Uko muntu wa wapi?”

Wakakiangalia kibali changu, nikakalishwa kwenye benchi, vitumbua vinapoa mapajani. Nikakishikilia kifuniko cha beseni kwa mikono miwili. Nikirudishwa mpakani, wapishi wenzangu wawili watapika nini, na mama atawaambia nini majirani?

Mchana wapishi wenzangu wakaja wote wawili. Mkubwa wao, ambaye hana haya hata kidogo, akamwambia mkuu wa kituo: “Chef, mukimurudisha kwao, miye mutanipa kazi gani?”

Mkuu akanirudishia kibali cha zamani. Akasema nilete kibali kipya kabla ya Ijumaa, la sivyo nifunge mizigo. Nilikipata Alhamisi jioni.

Mwaka huu nilikwenda Kyela. Mimi na mama tulikuwa tunapita karibu na shule, mwalimu wa michezo akapuliza filimbi. Nikasimama wima katikati ya njia. Mama alitembea hatua kadhaa kabla ya kuona yuko peke yake. Akarudi, akanishika mkono.

“Mwanangu, hapa ni kwenu. Unamwogopa nani?”

Nilitaka kumjibu, ila nilikuwa bado nangoja filimbi ya pili.