Sinki Lisilokuwa Kwenye Bajeti

Mwaka ule miwa yetu ilipolipwa, mume wangu aliniambia neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu anioe.

"Mwalimu, andika unachotaka."

Tuliishi Kabras, mimi nikifundisha shule ya msingi, yeye akilima miwa. Tulipikia katika kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, chenye paa la nyasi na moshi ulionifanya niingie darasani na macho mekundu hadi watoto wakaniuliza kama nimefiwa. Nilitoa daftari nikaandika vya kujengea chumba kipya cha kupikia: matofali, mabati, saruji, dirisha la vioo, ukumbi mdogo mbele ya mlango, jiko la kupikia ukiwa umesimama, lenye bomba la kutolea moshi. Na fundi. Nikajumlisha mara mbili. Pesa zilitosha.

Kosa langu lilikuwa kuisoma bajeti hiyo mbele ya mama mkwe tukinywa chai. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Na kuku watakuwa wanalalanga wapi?"

Kuku walilala jikoni, na wote kumi na wanne walikuwa wake. Nikaandika: nyumba ya kuku. Dirisha la vioo likawa la mbao.

Kesho yake fundi akaja kupima. "Nani atapika hapa?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi," akasema mama mkwe.

Mimi ni mrefu. Yeye alinifikia kwapani. Fundi alinipima kiunoni, akampima na yeye, akakuna kichwa. "Hapa ni majiko mawili, ama mmoja wenu apande juu ya kitu."

Mama alisema hajawahi kupanda juu ya kitu ili apike obusuma, ugali wetu, na hataanza uzeeni. Alisema kwa upole kabisa, ndipo nikajua mjadala umekwisha. Nikaandika: jiko la pili, fupi. Ukumbi niliokuwa nimepanga mbele ya mlango nikaufuta.

Jumamosi mume wangu alienda Kakamega mjini kununua saruji. Nilimnakilia orodha kwa herufi kubwa. Alasiri akarudi na pikapu ya kukodi, mifuko ya saruji nusu ya tuliyoagana, na juu yake sinki la chuma lenye mabeseni mawili. Alikuwa amelipata kwenye hoteli iliyokuwa ikifungwa.

"Mzee, na maji yatatoka wapi?" Tulikuwa tukichota maji kwenye chemchemi, chini kabisa ya kilima.

"Mfereji unakuja. Nimesikia mjini."

"Na saruji?"

"Bei ilikuwa nzuri, Mwalimu. Ningeliacha, ningejuta."

Nilitaka kumfokea. Lakini alikuwa analifuta vumbi kwa mkono wa koti lake la kanisani, polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Nikaingia ndani, nikafungua daftari, nikafuta sakafu ya saruji. Nikaandika: udongo.

Ujenzi ulichukua wiki tatu. Sinki liliwekwa ukutani kwa heshima zote, na fundi akatoboa tundu la kumwaga maji nje kwenye migomba. Kuku mmoja aliikataa nyumba yake mpya, akataga mayai kwenye beseni la kushoto na kuyaatamia hapo. Hakuna aliyethubutu kumtoa. Tuliosha vyombo upande wa kulia.

Siku ya kwanza ya kupika, moshi ulipanda bombani wote. Nilisimama katikati ya jikoni nikivuta pumzi tu, bila kukohoa. Mume wangu alijimiminia maji ya jagi juu ya sinki, akanawa mikono mara tatu kabla ya kula. Mama mkwe alisonga obusuma kwenye jiko lake fupi, akaonja tonge moja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Haina moshi," akasema. "Ni kama ya hospitali."

Kisha akasogeza sahani karibu na kuendelea kula, na sisi wawili tukainamia sahani zetu, tukiogopa kucheka.